Usubi wa Mahenge na fimbo ya kupimia dawa

Msomaji anayetaka kufika Mahenge kutoka Nairobi na ajiandae kwa safari ya siku mbili, au tatu iwapo basi litaharibika njiani. Ukishavuka mpaka wa Namanga na kuipita Arusha, unateremka hadi Morogoro na kulala hapo. Asubuhi unashika barabara kuu inayokatiza mbuga ya Mikumi, ambapo twiga hula majani karibu na lami bila kujali magari. Kwenye mji wa Mikumi unakata kushoto, unayapita mashamba ya miwa ya Kilombero, na milima ya Udzungwa inabaki upande wako wa kulia hadi Ifakara, mji wa joto, mchele na baiskeli.

Ukitoka Ifakara unauvuka mto Kilombero. Zamani watu walisubiri kivuko, na mvua ilipozidi walisubiri zaidi. Tangu 2018 kuna Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na abiria hata hawaamki usingizini. Baada ya hapo ni bonde la mpunga, kisha kituo cha Lupiro, kisha gari linaanza kuupanda mlima kwa kona zinazofanya matumbo yacheze. Kilomita zipatazo 70 kutoka Ifakara unajikuta juu, kwenye ukungu na baridi, na unamshukuru aliyekushauri ubebe sweta.

Huu ndio mji wa Mahenge, makao makuu ya wilaya ya Ulanga, nchi ya Wapogoro. Waliosoma historia watalikumbuka jina hili. Mwezi wa Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Wajerumani hapa, wakiamini dawa waliyopewa ingegeuza risasi kuwa maji. Bunduki za rashasha za Mjerumani ziliwafyeka. Nimeitaja habari hii kwa sababu nilikwenda Mahenge kuuliza juu ya dawa nyingine, ambayo watu wa huko wamekuwa wakiimeza tangu 1997, na ambayo kwa kweli inafanya kazi. Swali lililonipeleka ni hili: ikiwa inafanya kazi, na inatolewa bure, mbona ugonjwa ungali upo?

Ugonjwa wenyewe Watanzania huuita usubi, jina lile lile la mdudu anayeuleta. Ni inzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo, naye huuma mchana. Hataki maji yaliyotuama kama mbu. Mabuu wake hukaa kwenye mawe na majani yaliyomo ndani ya maji yaendayo kasi, yenye povu na hewa nyingi. Mahenge imejaa maji ya namna hiyo. Luli, Mbezi na Mzelezi ni mito inayoteremka milimani ikirukaruka juu ya mawe, na mgeni hutamani kukaa kando yake siku nzima akisikiliza. Mwenyeji hakai. Huenda kuchota maji, kufua au kulima vinyungu vyake vya bondeni, na huku anajipigapiga miguuni.

Inzi huyo anapomuuma mtu mwenye ugonjwa hufyonza vijidudu vidogo mno, watoto wa mnyoo, na baada ya siku kadhaa huwapanda katika mtu mwingine. Humo mwilini wanakua. Mnyoo jike hujikunja ndani ya kinundu chini ya ngozi, urefu wake ukizidi rula ya shule, na huishi miaka 10 hadi 15 akizaa watoto kwa maelfu kila siku. Hao watoto ndio wenye balaa. Hutembea chini ya ngozi, na wanapokufa mwili unawaka mwasho usiokwisha. Kuna wanaojikuna kwa kigae cha chungu. Ngozi ya miguuni hupoteza rangi kwa madoadoa kama ya chui. Wakifika machoni, kioo cha jicho hufanya ukungu polepole mpaka mtu haoni. Ndiyo maana Wazungu waliuita upofu wa mtoni.

KWETU NYANZA

Msomaji asidhani hii ni habari ya nchi ya watu tu. Hapa Kenya usubi ulikuwapo, katika mabonde ya Nyanza Kusini, na wazee wa sehemu hizo waliwajua vipofu walioongozwa kwa fimbo na wajukuu wao. Mwaka 1946 wataalamu wawili wa serikali ya kikoloni, Garnham na McMahon, walianza kutia dawa ya DDT katika mito ya sehemu ya Riana. Cha kushangaza ni kwamba walifanya hivyo kabla hawajajua mabuu wa inzi huyo wanakaa wapi. Walitafuta kwenye mawe wasiwaone. Ni mwaka 1950 ilipogunduliwa kwamba wamejibandika kwenye magamba ya kaa wa mtoni! Kazi iliendelea katika mabonde mengine, na katika miaka ya 1950 inzi wale wakatoweka Nyanza. Kijana wa leo wa huko hajui hata neno lenyewe.

Mbona Mahenge wasifanye hivyo hivyo? Inzi wa kwetu alikuwa wa aina nyingine, anayependa vijito vya msituni na asiyeweza kuishi bila kaa wake. Usubi wa Mahenge ni wa ukoo mwingine, unaozaliana kwenye mawe ya kila mto wenye kasi, na mito hiyo ina vijito visivyohesabika. Afrika Magharibi, ambako wakulima walikuwa wameyahama mabonde yenye rutuba kwa hofu ya upofu, mito ilinyunyiziwa dawa kwa helikopta na ndege kuanzia 1974 hadi 2002. Kazi hiyo ilizaa matunda, lakini ilihitaji fedha za mataifa makubwa na marubani kila wiki. DDT nayo imekwisha kuchukiwa kwa madhara yake kwa samaki na ndege. Nchi nyingi za upande wetu wa Afrika zilibaki zikisubiri njia nyingine.

Njia hiyo ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Mjapani aitwaye Satoshi Ōmura aliokota udongo karibu na uwanja wa gofu nchini mwake, na ndani yake mkawa na bakteria fulani. Huko Marekani, William Campbell na wenzake wa kampuni ya Merck waliona kwamba kinachotolewa na bakteria hao kinaua minyoo ya wanyama. Ndivyo ilivyopatikana ivermektini. Mfugaji wa Kenya anaijua vizuri, maana ndiyo sindano anayomchoma ng'ombe wake. Daktari mmoja wa kampuni hiyo, Mohammed Aziz, aliona kwamba inaweza kumfaa binadamu, na majaribio ya kwanza yakafanywa Senegal mwaka 1981. Mwaka 1987 Merck ilitangaza kwamba itatoa vidonge hivyo bure, kwa kiasi chochote na kwa muda wowote vitakavyohitajika kwa ugonjwa huu. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel.

(Wakati wa Korona watu wa nchi tajiri waligombania ivermektini madukani wakidhani itawaponya. Majaribio yakaonyesha haikuwa na faida kwa ugonjwa ule. Wapogoro, walioizoea, hawakuwa na haja ya kugombania.)

Hata hivyo dawa hii ina kasoro moja, na ndiyo inayofanya habari ya Mahenge iwe ndefu. Inaua watoto wa mnyoo, lakini haimwui mama yao. Humlaza tu asizae kwa miezi kadhaa, kisha anaanza tena. Kwa hiyo mtu hana budi kumeza kila mwaka, mpaka mnyoo mzee afe kwa uzee wake. Na si mtu mmoja tu. Shirika la Afya Duniani linataka angalau watu 80 katika kila 100 wa kijiji wameze, ama sivyo inzi ataendelea kupata pa kuchota.

Nani ataweza kumfikia kila mtu, katika kila kitongoji, kwa miaka 15 au zaidi? Muuguzi wa zahanati hawezi. Ndipo katika miaka ya 1990 ukaja mpango ambao, kwa maoni yangu, ni wa busara kuliko hata dawa yenyewe. Wanakijiji waachiwe kazi hiyo. Wao wakutane, wachague miongoni mwao wa kugawa dawa, wakubaliane mwezi gani na kwa njia gani, nyumba kwa nyumba au chini ya mwembe. Serikali ilete vidonge na mafunzo. Mahenge ilianza hivyo 1997.

KIBARAZANI

Nilimkuta mgawa dawa mmoja nyumbani kwake, katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka mjini. Ni mama wa makamo, mkulima wa mahindi na mihogo, mwenye daftari kubwa lililovalishwa gazeti. Pembeni ya mlango ilisimamishwa fimbo iliyonyooka, yenye alama za rangi. Hiyo ndiyo mizani yake. Huko kijijini hakuna mizani ya kupimia uzito wa watu wote, kwa hiyo wataalamu walikadiria dozi kwa urefu. Aliyefikia sentimita 90 hupewa kidonge kimoja. Kuanzia 120 ni viwili, kuanzia 141 ni vitatu, na anayepita 158 humeza vinne. Aliye chini ya 90 hapewi kitu, wala mjamzito, wala aliyejifungua wiki hiyo, wala mgonjwa mahututi.

Siku hiyo watu walikuja mmoja mmoja. Aliyekuja alitoa shikamoo kwa waliomzidi umri, akavua ndala, akasimama kwenye fimbo. Mama yule alisoma alama, akaandika daftarini, akatoa vidonge na kikombe cha maji. Hapa hakuna kubeba dawa ya kumezea nyumbani. Unameza anaona. Kijana mmoja alikuwa ameviweka vidonge shavuni, akaambiwa afungue kinywa, watu wakacheka.

Alikuwapo mtoto ambaye ndugu zake wote walikuwa wamepewa. Alipofika zamu yake alisimama kwa ncha za vidole ili afikie alama ya kwanza. Mama mgawa dawa alimshika bega akamshusha taratibu, akamwambia asubiri, mwakani atakuwa mkubwa. Mtoto alilia kweli kweli. Ni dawa gani nyingine umewahi kuona ikililiwa na mtoto?

Mzee mmoja hakutaka. Alisema mwaka mmoja alivimba uso baada ya kumeza na akashindwa kulima siku tatu. Mgawa dawa hakubishana naye wala hakumtisha. Alimwita baba, akamweleza kwamba uvimbe ule ulikuwa ni vijidudu vinakufa, na wenye vingi ndio wanaoumia zaidi, na kila mwaka unavyopita maumivu hupungua. Mzee alisema atafikiria. Jina lake likawekewa alama ya kalamu nyekundu. Nilipouliza alama hiyo maana yake nini, mama alinijibu kwamba atamfuata jioni, baada ya chakula, wakati ambapo mzee huyo huwa na moyo mwepesi. Huo ni ujuzi ambao daktari kutoka mjini hana.

Wagawa dawa hawalipwi mshahara. Wanachaguliwa na jirani zao na wanafanya kazi kwa heshima, pengine na posho ndogo siku za mafunzo. Katika mwaka wa kwanza na wa pili heshima inatosha. Lakini hii ni kazi inayohitaji daftari jipya la kaya zote, mizunguko ya siku nyingi, na matusi ya hapa na pale kutoka kwa wanaoamini dawa inaondoa uzazi. Sioni aibu kusema kwamba dunia imejenga mpango mkubwa juu ya mgongo wa mama wa kijijini bila kumuuliza shamba lake linapaliliwa na nani siku hizo.

KIFAFA

Mahenge si vipofu waliomshtua mgeni zaidi. Ni watoto wenye kifafa. Daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliyefanya kazi huku tangu siku za Tanganyika, alianzisha kliniki ya kifafa hapa Mahenge karibu na 1960. Aliwakuta wagonjwa wengi kupita kiasi, na miongoni mwao watoto walioanza kwa kusinzia kichwa, kidevu kikishuka kifuani tena na tena, kabla ya kuanguka degedege. Aliwaza mapema kwamba huenda usubi unahusika. Ilichukua miongo mingi kabla ya wataalamu wengi kuamini.

Ushahidi mzito ulitoka Kameruni. Katika bonde la Mbam watoto zaidi ya 800 walipimwa miaka ya 1991 na 1992 kujua wana vijidudu vya usubi vingi kiasi gani, na mwaka 2017 watafiti wakarudi kuwatafuta. Waliokuwa na vijidudu vingi utotoni ndio walioshikwa na kifafa zaidi. Vinafanyaje hadi kuudhuru ubongo, wanasayansi bado hawajaafikiana. Lakini mwaka huo huo wa 2017 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinne vya Mahenge, wakahesabu watu zaidi ya 5,000. Katika vijiji viwili vya mashambani, asilimia 3.5 walikuwa na kifafa. Katika viwili vilivyo karibu na mji, asilimia 1.5. Na hiyo ni baada ya miaka 20 ya kugawa dawa. Watoto wadogo walionekana bado wanaambukizwa.

Nilionyeshwa binti wa miaka kama 14, aliyekaa jikoni kwa bibi yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjamana kwa moto. Alikuwa akipika ugali alipoanguka, na hakuna aliyemshika haraka. Wazee wa hapa walifundishwa kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza, na kwa hiyo anayeanguka huachwa hadi atulie. Shule aliiacha darasa la nne. Bibi alinipokea shikamoo yangu kwa upole, akanikaribisha kigoda, akazungumza juu ya mjukuu wake kana kwamba hayupo pale. Binti alikuwa akisikia. Anapewa vidonge vya kifafa kliniki, na akivimeza kila siku haanguki, lakini vikikwisha kabla ya siku ya kliniki huanguka tena. Nilipouliza kama alimeza dawa ya usubi alipokuwa mdogo, bibi alifikiri kidogo. Miaka mingine ndiyo, alisema. Miaka mingine walikuwa bondeni.

Neno hilo, bondeni, nililisikia kila nyumba. Wapogoro wa milimani wengi wana mashamba ya mpunga chini, na wakati wa kulima na kuvuna familia nzima huhamia kwenye vibanda vya shambani kwa miezi. Mgawa dawa akipita anakuta kufuli. Mwenye kukosa mwaka mmoja anaweza kukosa na wa pili, na mnyoo wake hauendi likizo. Jibu la swali lililonipeleka Mahenge liko hapo kwenye kufuli, zaidi ya kwenye uvumi wowote.

Tangu 2019 sehemu za Mahenge zilizoathirika zaidi zinapewa dawa mara mbili kwa mwaka. Hiyo inampunguzia mnyoo muda wa kuzaa, na aliyekosa Juni anaweza kupatikana Desemba. Huko Uganda na Sudan Kusini wanakijiji wamejaribu pia kufyeka majani na matete yaliyo ndani ya maji, mahali mabuu wanapojishikilia, na inzi wanaouma wakapungua sana. Panga kila mtu analo. Na kwa anayedhani haiwezekani kuumaliza kabisa, Colombia, Ecuador, Mexico na Guatemala zimekwisha kuthibitishwa hazina tena, na Januari 2025 Niger ikawa ya kwanza Afrika.

Kwa mama mgawa dawa hizo ni habari za redioni. Asubuhi ya pili alikuwa na kaya kumi na moja zisizo na alama daftarini, zote zikiwa bondeni zinavuna. Alikuwa amekwisha kuita kijana wa bodaboda, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa juu yake. Vidonge na daftari viliingia kwenye mfuko wa kitambaa. Fimbo ilikuwa ndefu mno, ikafungwa kwa mpira ubavuni mwa pikipiki, naye akapanda upande huo huo ili aishike isivunjike kwenye kona.